Umesema "no hablas" na hakuna aliyenyamaza: kutafuta kosa kwenye makatazo ya Kihispania

Dereva mmoja wa watalii ninayemsaidia Kihispania hapa Arusha aliwahi kuwaambia wageni wake, simba wakiwa wamelala hatua chache kutoka barabarani: "No bajan del coche." Nia yake ilikuwa "Msishuke garini." Wageni wakatikisa vichwa, na mmoja wao akashika kitasa cha mlango. Walichokisikia ni "Hamshuki garini", taarifa isiyo na haraka yoyote, tena kwa jinsi alivyopandisha sauti mwishoni ikawa kama swali: kumbe hamshuki? Kilichomponza ni irabu moja. Angesema "No bajen del coche", ule mkono ungerudi mapajani.

Makosa ya kukataza kwa Kihispania si mengi. Ni yaleyale, yanahama kutoka mwanafunzi mmoja hadi mwingine, na kwa Mswahili yana sura yake ambayo huikuti kwa Mwingereza. Nimeyaweka hapa kwa dalili: anza na kile kinachokutokea, kisha fuata chanzo chake. Nazungumzia vitenzi vya kawaida, vile vinavyoishia -ar, -er na -ir bila kubadili mzizi. Vile vikorofi nitavigusa kidogo tu karibu na mwisho.

Kabla ya kufungua chochote, angalia ulichonacho

Kwa Kiswahili ukimwamuru mtu unasema "nunua". Ukimkataza husemi "si nunua". Unasema "usinunue", na ile a ya mwisho imegeuka e bila wewe kufikiri. Sasa tazama Kihispania: "compra" ni nunua, na "no compres" ni usinunue. Habla, no hables: sema, usiseme. A imegeuka e vilevile.

Kiingereza hakifanyi hivyo. Kinaweka maneno ya kukana mbele ya kitenzi na kukiacha kitenzi kilivyo. Vitabu vingi vya Kihispania tunavyovipata viliandikwa kwa ajili ya wasemaji wa Kiingereza, kwa hiyo vinamaliza kurasa nzima vikimshawishi msomaji kwamba kitenzi lazima kibadilike. Wewe huhitaji kushawishiwa. Ukivifuata sana vinakutibu ugonjwa usiokuwa nao na kuuacha ulio nao.

Sura kamili ni hizi, kwa mpangilio wa tú (wewe, kwa mtu mliyezoeana), usted (wewe wa heshima), nosotros (sisi), vosotros (ninyi, marafiki, huko Hispania) na ustedes (ninyi):

hablar: no hables, no hable, no hablemos, no habléis, no hablen
comer: no comas, no coma, no comamos, no comáis, no coman
escribir: no escribas, no escriba, no escribamos, no escribáis, no escriban

Usiseme, usile, usiandike, tusiseme, tusile, tusiandike, na kuendelea. Sasa dalili zenyewe.

Dalili: unakataza, lakini wanasikia habari

Hili ndilo lililompata dereva. Chanzo ni kutumia kitenzi cha kutoa taarifa na kukitundikia "no". Tazama unachokuwa umesema:

"No habla" si usiseme. Ni "hasemi". "No habla español" ni hasemi Kihispania.
"No hablas" ni "husemi".
"No hablan" ni "hawasemi", au "hamsemi" ukiwa unaongea na ninyi wa ustedes.

Kipimo changu ni kurudisha sentensi nyumbani. Kabla hujaitoa mdomoni, jiulize: ninachotaka kinaanza na hu- au usi-? Ham- au msi-? Tofauti ya "hunywi" na "usinywe" hakuna Mswahili anayeikosea hata usingizini. Ikiwa ni usi- au msi-, basi mkia wa kitenzi cha Kihispania lazima ubadilike.

Namna ya kuubadilisha: chukua kitenzi kama unavyokisema kwa "mimi", toa o ya mwisho, weka irabu ya upande wa pili: e kwa -ar, a kwa -er na -ir. Hablo, habl-, no hables. Como, com-, no comas. Escribo, escrib-, no escribas. Kuna watu watakuambia uanzie kwenye sura ya kamusi, yaani hablar, comer, kisha utoe herufi mbili. Kwa vitenzi vya kawaida jibu ni lilelile, ila ukizoea kuanzia kwa "mimi" utakuja kunishukuru tukifika kwenye vikorofi.

Dalili: -ar unapatia kila siku, -er na -ir unakosea kila siku

Hapa ndipo ninapomtambua Mswahili hata kabla hajaniambia jina lake. Anasema "no compres", "no toques", "no fumes" bila wasiwasi. Halafu anasema "no come", "no bebe", "no abre", na hajui kwa nini mgeni amekunja uso.

Sikio letu limefunzwa kwamba katazo linaishia na e. Usisome, usile, usinywe, usifungue. Sasa "bebe", yaani kunywa kwa amri ya tú, tayari inaishia na e. Sikio linaridhika: e ipo, "no" ipo, kazi imekwisha. Kumbe "no bebe" ni "hanywi".

Kihispania hakina irabu moja ya kukataza. Kina ubadilishanaji. Vitenzi vya -ar, ambavyo kwa kawaida vinaishi na a, vinakopa e. Vile vya -er na -ir, ambavyo vinaishi na e, vinakopa a. Kila upande unavaa nguo ya mwenzake:

bebe, no bebas (usinywe)
corre, no corras (usikimbie)
abre, no abras (usifungue)
sube, no subas (usipande)
vende, no vendas (usiuze)

Kwetu a ikiwa mwishoni inanuka amri ya kutenda. Mtu akisikia "beba" anatafuta mzigo wa kubeba. Kwa Kihispania "beba" ni kunywa, na "no beba" ni usinywe, kwa mtu wa heshima. Hakuna dawa ya hili isipokuwa kulilazimisha sikio. Mimi huwapa wanafunzi wiki nzima ya -er na -ir peke yake, kwa sababu -ar itajitunza yenyewe.

Ugonjwa huohuo una upande wa kusikiliza. Unasoma "no corra", unaenda kutafuta "corrar" kwenye kamusi, huipati. Haipo, kitenzi ni correr. Na kuna jozi zinazotega hata waliobobea kidogo. "No vendas" ni "usiuze" kama kitenzi ni vender, na ni "hufungi bandeji" kama kitenzi ni vendar. "No creas" ni "usiamini" kutoka creer, na "huumbi" kutoka crear. Irabu peke yake haikuambii kitu mpaka ujue kitenzi kilizaliwa na mkia upi. Kwa hiyo usikariri "com-, kula". Kariri "comer" na mkia wake, kama unavyokariri kwamba "kitabu" kinakwenda na "vitabu".

Kuna jambo jingine dogo linalotupumbaza. Kiswahili kina vitenzi, vingi vyenye asili ya Kiarabu, ambavyo havibadiliki: usijibu, usifikiri, usisahau, usisamehe. Mwanafunzi mmoja alinitetea "no come" yake kwa hoja hiyo, kwamba labda comer ni kama "jibu". Hoja nzuri, nilimpa heshima yake, lakini Kihispania hakina kundi hilo. Vyote vya kawaida vinabadilika.

Dalili: mzee wa watu amenuna, au rafiki anacheka

Umemwambia mgeni wa miaka sabini "no fumes aquí". Sarufi yako haina doa. Ila umemwambia kama unavyomwambia mtoto wa jirani.

Heshima ya Kiswahili haimo kwenye kitenzi. Unasema shikamoo, unaongeza "mzee wangu" au "mama", unatanguliza "naomba" au "samahani", kisha "usivute hapa" ni ileile kwa bibi na kwa mjukuu. Kihispania kimeiweka heshima kwenye mkia: "no fume aquí, por favor". Herufi s ndiyo yote. Ikiwepo ni tú, isipokuwepo ni usted.

Na s hiyo inatupotea kwa sababu ya midomo yetu. Silabi za Kiswahili zinapenda kuishia na irabu, kwa hiyo mtu ama anaimeza s akasema "no hable" kwa rafiki yake, ama anaisaidia na kairabu akasema "no hablesi". Zote mbili zinasikika. Usidanganywe na Wahispania wa Andalucía au watu wa Karibi wanaoipunguza s mpaka iwe pumzi tu. Wao wana njia nyingine za kujulisha, wewe bado.

Kosa baya zaidi kwenye eneo hili ni kuchanganya. "No se preocupes" ina kichwa cha usted na mkia wa tú. "No te preocupe" ni kinyume chake. Chagua: "no te preocupes" kwa rafiki, "no se preocupe" kwa mtu wa heshima. Ni ile "usijali" yetu, na utaitumia kuliko neno jingine lolote siku gari litakapokwama kwenye matope.

Sasa siri ambayo vitabu vinaichelewesha bila sababu. Kwa usted na ustedes, amri na katazo vina sura moja. "Coma" ni kula, "no coma" ni usile. "Suban" ni pandeni, "no suban" ni msipande. Unaongeza "no" na basi. Ni tú na vosotros tu ambazo zina sura mbili tofauti. Mtu anayejifunza kwa ajili ya kazi, awe dereva, mhudumu wa hoteli au mpagazi wa Kilimanjaro, ningemshauri aanze na ustedes, akae nayo mwezi mzima, ndipo aje kwenye tú akiwa ameshapata mwendo. "No corran, caminen pole pole." Hilo la mwisho wageni wa mlimani wanalijua tayari.

Kuhusu ninyi: Amerika ya Kusini na ya Kati, pamoja na Mexico, wote ni ustedes. Hispania marafiki ni vosotros, kwa hiyo utasikia "no habléis", "no comáis", na alama ya mkazo hapo haikwepeki. Ukiwaambia Wahispania ustedes watakuona una adabu kidogo kupita kiasi, na hakuna aliyekufa kwa adabu. Argentina na majirani zake wana vos: amri ni "hablá", na kwenye katazo utasikia "no hables" na pia "no hablés". Wewe baki na "no hables".

Dalili: ulitaka "asiseme", umepata "usiseme"

Kiswahili kina usi- na asi- na hazigombani. Kihispania usted anakopa kitenzi cha yeye, kwa hiyo "no hable" inaelekea pande mbili. Ukitaka kumkataza mtu ambaye huongei naye moja kwa moja, tanguliza "que":

"Que no hable Juan" ni Juan asiseme.
"No hable, Juan" ni usiseme, Juan, kwa heshima, na Juan yuko mbele yako.

Vivyo hivyo "que nadie toque la comida": mtu yeyote asiguse chakula. Ukiisahau "que", mtu aliyesimama mbele yako ataona ni yeye anayesemwa.

Dalili: "-lo", "-me" na "-te" zimekaa pabaya

Hapa tuna bahati, na inaniuma kuona watu wanaitupa. Kwa Kiswahili kipashio cha mtendwa kinakaa kati ya kikanushi na mzizi: usi-ni-subiri, usi-wa-subiri, usi-i-nunue. Kihispania kwenye katazo kinafanya hivyohivyo: no me esperes, no los esperes, no lo compres. Kata maneno yetu vipande na yanalingana.

Kinachoharibu ni amri ya kukubali, ambako Kihispania hupeleka kipande hicho nyuma: cómpralo, espérame. Mwanafunzi aliyeikariri "cómpralo" anaweka "no" mbele yake na kupata "no cómpralo", au anajikakamua zaidi na kupata "no compreslo". Zote hazipo. Kwenye katazo kipande kinatoka nyuma, kinakaa kati. Na kikishatoka, alama ya mkazo nayo inaondoka, kwa sababu iliwekwa kulinda sauti tu wakati neno lilipokuwa refu. "No lo cómpres" ni kosa la mtu aliyehamisha samani na kusahau msumari ukutani.

Vikiwa viwili, mpangilio ni mtu kwanza, kitu baadaye: "no me lo compres", usininunulie hicho. Kiswahili hubeba kimoja tu ndani ya kitenzi, ndiyo maana hicho cha pili hutusahaulika. Na kama mtu ni yeye au wao, "le" na "les" hugeuka "se" zikikutana na lo au la: "no se lo vendas", usimuuzie.

Halafu kuna "te" ya vitenzi vinavyojirudia. Palipo na ji- kwetu hakuna taabu: usijikate, no te cortes, usijisumbue, no te molestes. Taabu ni pale ambapo Kiswahili hakina ji- na Kihispania kinaidai:

usiamke, no te levantes
usibaki hapa, no te quedes aquí
usioge, no te bañes
usivue viatu, no te quites los zapatos

Ukisema "no levantes" mtu atasubiri umwambie asiinue nini. Ukisema "no bañes" atauliza: nisimwogeshe nani?

Dalili: unatamka sawa, ukiandika unawekewa mstari mwekundu

Kiswahili huandika k kwa k na g kwa g siku zote. Kihispania hakina uaminifu huo. C ikikutana na a ni k, ikikutana na e si k tena. G mbele ya e inasikika kama kh ya "kheri". Kwa kuwa katazo linabadilisha irabu, herufi iliyotangulia lazima nayo ibadilike ili sauti ibaki ileile. Kitenzi bado ni cha kawaida. Ni tahajia tu inayohangaika.

tocar, no toques (usiguse)
pagar, no pagues (usilipe)
cruzar, no cruces (usivuke)
recoger, no recojas (usiokote)
averiguar, no averigües (usichunguze)

Kwenye "toques" na "pagues" ile u haitamkwi: ni "tokes" na "pages", kwa g ya "gari". Nimesikia "tokwes" mara nyingi mno. Kwenye "averigües" zile nukta mbili juu ya u zinasema itamkwe.

Nikiwa hapo: coger hufuata njia ya recoger, "no cojas", na Hispania ni neno la kila siku la kushika au kuchukua. Mexico na Argentina ni tusi la chumbani. Kwa wageni wa huko tumia "no agarres" au "no tomes", ujiepushe na vicheko vya siti ya nyuma.

Dalili: unaongea kama ukuta

Kwenye kuta za miji yetu kuna maandishi ambayo hayahitaji kutafsiriwa: "Usikojoe hapa", na faini chini yake. Ukuta wa Kiswahili unamwambia msomaji usi-, kana kwamba unamjua. Ukuta wa Kihispania mara nyingi hutumia sura ya kamusi: "No fumar", "No tocar", "No pisar el césped", au "Prohibido fumar". Ni sahihi kwenye kibao, na Real Academia Española, chombo kinachosimamia Kihispania, haina ugomvi nayo, kwa kuwa kibao hakisemi na mtu maalumu.

Mdomo wa mtu si kibao. Ukimgeukia mgeni na kumwambia "no tocar", umeongea kama unamwambia "kutogusa". Ataelewa, ndiyo shida yenyewe: kwa kuwa anaelewa, hakusahihishi, na kosa linazeeka na wewe. Mtu akiwa mbele yako ana sura, ana umri, ana idadi. Mpe kitenzi chenye mkia: no toque, no toques, no toquen.

Dalili: kitenzi ni sahihi, maana imepinda

Hizi ndizo ninazozipenda, maana haziko kwenye vitabu vya Waingereza.

"Usinunue chochote." Mwanafunzi anatafuta "chochote", kamusi inampa "cualquier cosa", anasema "no compres cualquier cosa". Mhispania anasikia "usinunue ilimradi kitu", yaani nunua, lakini chagua. Akitoka sokoni na mizigo mitatu usimlaumu. Katazo la Kihispania linataka kikanushi cha pili: "no compres nada". Vilevile "usimwandikie mtu yeyote" ni "no le escribas a nadie". Ukisema "a cualquiera" umemwambia asiandikie kila anayejipitisha.

"Usipande kwanza." Hii "kwanza" yetu ya kuombea subira haitoki kwenda Kihispania. "No subas primero" ni usiwe wa kwanza kupanda, watangulie wengine. Unachotaka ni "no subas todavía". Wageni wameshawahi kusukumana mlangoni mwa gari, kila mmoja akimpisha mwenzake kwa ustaarabu mkubwa, kwa sababu ya "primero" moja.

"Usikimbie wala kupiga kelele." Kwetu baada ya wala unaweza kuangukia kwenye ku-, na ni Kiswahili safi. Kwa Kihispania wala ni "ni", na kitenzi cha pili kinavaa kama cha kwanza: "no corras ni grites". Anayesema "no corras ni gritar" ameleta wala yetu na viatu vyake. Kwa upande mwingine, ukimaliza kukataza na kuingia kwenye kuamuru, rudi kwenye sura ya amri: "no corras, camina". Wapo wanaokolea katazo mpaka linamwagikia kitenzi kinachofuata, wakasema "no corras, camines".

"Usilie tena", kwa mtoto anayelia sasa hivi, ni "no llores más". Mexico utasikia "ya no llores". Ukisema "otra vez" unakuwa kama unamwonya asirudie baadaye.

"Usiache kuandika." Ni "no dejes de escribir". Ile "de" ndogo ina kazi nzito: bila yake, "no dejes escribir" ni usiruhusu watu waandike. Nimewahi kupokea ujumbe wa kuaga wenye kosa hilo, na niliukalia kwa muda nikijiuliza nimekosea nini.

Ukifuata haya yote na bado haikubali

Basi huenda kitenzi si cha kawaida. Hapa ndipo ile tabia ya kuanzia kwa "mimi" inapolipa. Tengo, no tengas. Digo, no digas. Pongo, no pongas. Salgo, no salgas. Traigo, no traigas. Hago, no hagas. Vyote vinatii kanuni ileile ya kutoa o na kukopa irabu, mradi hukuanzia kwenye kamusi. Cierro inakupa no cierres, duermo inakupa no duermas. Ila kwa nosotros na vosotros mzizi una mambo yake, no cerréis, no durmáis, na hayo ni ya siku nyingine.

Vinavyokataa kabisa ni sita, na unavitambua kwa sababu "mimi" yake haiishii na o: soy, estoy, voy, doy, sé, he. Makatazo yake ni no seas, no estés, no vayas, no des, no sepas, na haber (yenye "he") ambayo kwenye katazo utakutana nayo kwa nadra. Hivi unavimeza kama vidonge.

Sita za kujipima

Nimezikusanya kutoka vinywani mwa wanafunzi. Tafuta kosa kabla hujasoma jibu lililo pembeni.

"No abre la ventana", akitaka dirisha lisifunguliwe. Amesema hafungui dirisha. E ya abre imemdanganya sikio. No abras, no abra, no abran.

"No tocan los corales", kwa kundi la wazamiaji. Taarifa tena: hamgusi matumbawe. No toquen, na tahajia ibadilike.

"No preocúpese." Kipande kiko nyuma na mkazo haujang'olewa. No se preocupe.

"No saces fotos." Sikio lilikuwa sawa, mkono umekosea. No saques fotos.

"No coman cualquier cosa", akiwa na maana kwamba wasile kitu chochote kabla ya kipimo cha damu. Wakala, kwa uangalifu. No coman nada.

"No bebáis agua del grifo" (msinywe maji ya bomba), kwa familia kutoka Mexico. Hii haina kosa hata moja. Baba akatabasamu, akasema dereva wetu anaongea kama Madrid, na wakaielewa. Angesema "no tomen agua de la llave", wangefikiri amewahi kuishi kwao.